Tulipe Lini? Hotuba ya Kupinga Hoja ya Kila Mtu Ajilipie Matibabu

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu msemaji uliyenitangulia, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo.

Hoja iliyo mezani inasema kila mtu ajilipie matibabu yake, na serikali ibaki kuwasaidia wachache wasiojiweza. Nimesimama kuipinga. Ndugu yangu ameitetea kwa ufasaha, na yapo aliyoyasema ambayo ni kweli. Nitayafikia, na nitayakubali hadharani. Ila kwanza mjue anayezungumza ni nani. Mimi si daktari, wala si mchumi. Nilikuwa keshia wa hospitali. Miaka kumi na mmoja nilikaa nyuma ya dirisha la malipo, na karibu yote ninayoyajua kuhusu jambo hili nilianza kuyajulia pale. Vitabu nilivisoma baadaye, kutafuta majina ya vitu nilivyokwisha kuviona.

Dirisha lenyewe mnalijua. Kioo, na chini yake tundu la nusu duara la kupitishia pesa. Anayelipa sharti ainame ndipo asikike. Sasa mchukueni mama mmoja, ana mtoto begani, ameshika karatasi ya daktari yenye vipimo vitatu. Anaipenyeza kwenye tundu. Nabonyeza mashine, namtajia jumla. Anakaa kimya kidogo, kisha anainama tena na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kati ya hivi vitatu, kipi ni cha lazima?"

Ananiuliza mimi. Kule kwa daktari hakuuliza kwa sababu kule bei haikutajwa. Bei kaikuta kwangu.

Siku za mwanzo nilikuwa nikimwambia mtu wa namna hiyo arudi kwa daktari akamuulize. Kurudi kwa daktari ni kupanga foleni upya, na mtoto anawaka homa. Baadaye, na hili nalisema kwa aibu, nikaanza kujibu. "Anza na hiki." Nilikuwa nachagua cha bei ya chini. Sikuwahi kujua kilichofuata, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kila mwisho wa mwezi tulipeleka taarifa kwa mhasibu. Ilikuwa na safu tatu: waliolipa, wenye msamaha, na wanaodaiwa. Safu ya walioinama, wakasikia bei, wakachukua karatasi yao na kuondoka, haikuwepo. Kwenye vitabu vya hospitali, watu hao hawakupata kuugua. Kwa hiyo msemaji anapotuambia kwamba watu wanamudu, na ushahidi ni kwamba wanalipa, najua takwimu zake zimetoka wapi. Amesoma safu ya kwanza.

Tuliweke sawa jambo moja, maana mdahalo huu kila ukifanyika hupotelea hapohapo. Matibabu ya bure hayapo. Daktari anataka mshahara, dawa zinanunuliwa, jenereta inakunywa mafuta. Anayepiga kelele "bure" na anayepiga kelele "walipe" wanazungumzia pesa ileile, ya watu walewale. Tunachobishania ni saa ya kulipa. Je, pesa itoke kidogokidogo siku ukiwa mzima na unafanya kazi, au itoke kwa mkupuo siku umelala kwenye machela na huna hata nguvu ya kuuliza bei? Na ikishatoka, inaingia kwenye chungu cha wote au inabaki yako peke yako?

Mwaka 1963 mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, ambaye mwaka 1972 alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake, aliandika makala kueleza kwa nini soko la matibabu halifanani na masoko mengine. Niichukue hoja yake kwa mfano wangu mwenyewe wa viatu. Mnunuzi wa viatu anaona vyake vikichakaa, anajaribu vipya, visipomtosha anakwenda duka la pili. Mgonjwa hajui ataugua lini, hajui anahitaji nini, na anayemwambia anahitaji nini mara nyingi ndiye huyohuyo anayemuuzia. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka yule mama. Alikuwa mnunuzi kamili kama vile msemaji anavyomtaka: pesa yake mkononi, uhuru wake wa kuchagua, na bei imetajwa wazi. Akaishia kumuuliza keshia.

Msemaji ameshauri kila familia ijiwekee akiba ya matibabu, na akaitaja Singapore. Amefanya vizuri kuitaja. Mwaka 1984 Singapore ilianzisha Medisave: sehemu ya mshahara wa kila mfanyakazi inakatwa kwa lazima na kuwekwa kwenye akaunti yake mwenyewe ya matibabu. Lakini hadithi haikuishia 1984. Mwaka 1990 waliongeza bima ya magonjwa makubwa, MediShield, kwa kuwa akiba ya mtu mmoja haibebi saratani. Mwaka 1993 wakaongeza Medifund, mfuko wa serikali wa kuwanusuru waliokwama. Na mwaka 2015 ile bima ikageuzwa kuwa MediShield Life, ya lazima kwa raia na wakazi wa kudumu wote, hadi mwisho wa maisha, hata kwa mtu ambaye tayari anaumwa. Miaka thelathini na kitu, nchi yenye nidhamu ya akiba ya kupigiwa mfano ilikuwa ikirudi hatua kwa hatua kwenye chungu cha pamoja.

Sababu ni ya hesabu tu. Maradhi hayagawanywi sawa kwa sawa. Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa kwa makini, asilimia 5 ya watu hutumia karibu nusu ya pesa yote ya matibabu kwa mwaka. Mwaka huu ni huyu, mwakani ni yule. Aliyeweka akiba ya kumtosha kwa homa na jino amefanya la busara kabisa, na siku figo zikigoma akiba hiyo haifiki hata mwezi.

Sasa hao "wachache wasiojiweza". Niliwahudumia, nawafahamu. Utaratibu wa msamaha pale kwetu ulikuwa hivi: mgonjwa anakuja dirishani, anasema hana. Anaelekezwa kwa ofisa ustawi wa jamii. Ofisa anamhoji: unafanya kazi gani, unaishi na nani, hakuna ndugu wa kukusaidia? Akiridhika anaandika barua, barua inakwenda kugongwa muhuri ofisi nyingine, ndipo inarudi kwangu. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu alasiri, na Jumamosi na Jumapili haikufunguliwa. Anayeugua Ijumaa jioni alikuwa maskini bila barua mpaka Jumatatu. Halafu mhojiwa alikuwa anajibu maswali hayo akiwa amesimama, mlango wazi, foleni nzima inasikiliza. Niliona watu waliovaa vizuri kwa ajili ya kuja hospitali wakinyimwa msamaha kwa sababu ya viatu.

Na wengi niliowaona wakifilisika hawakuwa wasiojiweza walipoingia getini. Alikuja mwenye duka, akalazwa mkewe wiki tatu, akatoka hana duka. Yeye kwenye hoja hii yumo kundi gani? Alipoingia, hakustahili msaada. Alipotoka, alikuwa amekwisha kulipa. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2 hivi walikuwa katika dhiki ya kifedha kwa sababu ya kulipia matibabu kutoka mfukoni. Bilioni mbili hatuwezi kuwaita wachache.

Nitawapa kisa cha mguu mmoja. Tommy Douglas alizaliwa Uskoti mwaka 1904, familia yake ikahamia Winnipeg, Kanada. Akiwa mtoto alipata maambukizi kwenye mfupa wa mguu. Wazazi hawakuwa na pesa ya kumlipa daktari bingwa, na ikaonekana mguu utakatwa. Akatokea bingwa mmoja aliyevutiwa na ugonjwa wenyewe, akajitolea kumpasua bila malipo kwa sharti kwamba wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona. Mtu mwingine angeshukuru akaishia hapo, na angeutumia mguu wake kama ushahidi kwamba wema wa watu unatosha. Douglas alishukuru, lakini aliona pia kwamba mtoto wa kitanda cha jirani, ambaye ugonjwa wake haukuwa na mvuto wowote kwa wanafunzi, asingepata bahati hiyo. Mwaka 1944 akawa waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan. Mwaka 1947 jimbo likaanza bima ya kulazwa hospitalini kwa wote. Bima ya kumlipia mtu daktari ilianza tarehe 1 Julai 1962, wakati huo akiongoza mrithi wake, Woodrow Lloyd, na siku hiyohiyo madaktari wengi wakagoma. Mgomo ulidumu siku 23. Miaka kumi baadaye majimbo yote ya Kanada yalikuwa yamejiunga na mpango wa namna hiyo.

Nimewatajia mgomo makusudi. Mwishowe madaktari walirudi kazini baada ya kuhakikishiwa kwamba wataendelea kulipwa kwa kila huduma wanayotoa, tena wakiwa huru, bila kugeuzwa kuwa waajiriwa wa serikali. Yaani ugomvi mkubwa haukuwa juu ya mgonjwa. Ulikuwa juu ya jinsi ya kumlipa daktari. Nitalirudia hilo kidogo mbele.

Nifike sasa kwenye yale niliyoahidi kuyakubali. Msemaji anasema kinachotolewa bila malipo hutumiwa ovyo: watu watafurika hospitali kwa kikohozi cha siku moja. Anayo haki. Hata jaribio kubwa kabisa lililofanywa kuhusu swali hili, la taasisi ya RAND nchini Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwaka 1982, lilionyesha hivyo. Maelfu ya watu waligawiwa kwa kura: wengine matibabu bila kulipa, wengine walipie sehemu. Waliolipia walikwenda kwa daktari mara chache zaidi, na kwa mtu wa kawaida afya haikuonekana kuzorota. Hayo ni maneno mazito dhidi yangu, na sitayafunika.

Lakini jaribio hilohilo lina kurasa mbili ambazo msemaji ameziruka. Ya kwanza, waliolipishwa walipunguza huduma za maana kwa kiasi kinachokaribiana na walivyopunguza zisizo na maana. Ada haikuwafundisha kuchagua. Iliwafundisha kukaa nyumbani. Ya pili, maskini wenye shinikizo la damu ndio walioumia, maana shinikizo la damu haliumi mpaka siku linapoangusha mtu, na kitu kisichouma ndicho cha kwanza kuahirishwa ukitajiwa bei. Mimi hilo sikuhitaji jaribio. Anayevunjika mkono hulipa, atakopa atalipa. Wanaoondoka dirishani ni wa vidonge vya kila mwezi.

Kama hofu ni kikohozi cha siku moja, dawa yake ipo: muuguzi mzuri wa mapokezi, na utaratibu wa kuanzia zahanati ndipo upewe rufaa. Dirisha halijui kutofautisha kikohozi na kifua kikuu. Nilikaa nyuma yake, najua.

Basi tukubaliane, japo kwa dakika tano zilizobaki, kwamba tunachanga kabla. Swali linakuwa: tunachangaje? Hapa ndipo hata sisi wa upande huu hugombana wenyewe kwa wenyewe.

Ujerumani ya Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Mchango ulikatwa kwenye mshahara, theluthi mbili ya mfanyakazi na theluthi moja ya mwajiri, ukaingia kwenye mifuko ambayo mingine ilitokana na vyama vya mafundi vya zamani. Bismarck hakuwa mtu wa huruma; alitaka kuwapokonya wasoshalisti hoja. Mpango wake umevuka vita viwili vya dunia na bado upo. Uingereza ilichukua njia nyingine: ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942 iliweka msingi, na tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, huduma ya taifa ya afya ikaanza, sehemu kubwa ikilipiwa na kodi. Mgonjwa haonyeshi kadi ya malipo kwa sababu amekwisha kulipa, kupitia kodi.

Njia ya Bismarck ina uzuri wake, na nchi nyingi huipenda kwa sababu pesa inaonekana: hii ya afya, haiguswi. Ila inataka mshahara wa kukata. Mkulima, fundi, dereva wa kukodiwa, mama wa nyumbani, wote hawa hawana karatasi ya mshahara, na katika nchi nyingi hao ndio wengi. Basi nchi inatunga bima ya hiari kwa ajili yao, inachapisha kadi, inafanya uzinduzi na ngoma. Na nani anakuja kununua kadi? Mjamzito wa miezi saba. Mwenye kisukari. Mzee aliyeambiwa atapasuliwa. Mimi nisingewalaumu, ningefanya vilevile. Kijana mzima anasema atajiunga mwakani. Mfuko unajaa wagonjwa, unaelemewa, mchango unapandishwa, na wale wazima wachache waliokuwa wamejiunga kwa uungwana nao wanaondoka. Bima ya hiari ni mwavuli unaouzwa mvua ikiwa imekwisha kuanza: wanunuzi ni walioloa.

Ndiyo maana naona pesa ya wasio na mshahara ni bora itafutwe kwenye kodi kuliko kuwatumia watu kubisha hodi mlango kwa mlango. Ghana ilipoachana na utaratibu wa lipa kwanza ndipo utibiwe, kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, sambamba na kodi ya ongezeko la thamani, ikapelekwa kwenye mfuko wa bima ya afya. Mtu anachangia akinunua sabuni, bila fomu na bila foleni. Thailand mwaka 2002 ilikwenda mbali zaidi. Ilitazama robo tatu ya wananchi wake waliokuwa nje ya bima za watumishi wa serikali na za waajiriwa, ikaacha kabisa kuwadai michango, ikawalipia kwa kodi ya jumla. Kwenye ziara ya hospitali mtu alilipa baht 30 tu, ndiyo maana watu wakauita mpango wa baht 30. Thailand haikuwa nchi tajiri. Kulikuwa na wataalamu walioonya kwamba haiwezekani.

Mtaniambia kodi ya sabuni inamuuma maskini kuliko tajiri. Kweli, na ndiyo maana vitu vya lazima visamehewe, na kodi ya mapato ibebe mzigo mkubwa. Hilo ni la wataalamu wa kodi kulipigia hesabu. Langu ni kwamba iume kidogo kila siku.

Halafu kuna idadi ya vyungu. Watumishi wa serikali wana chungu chao, askari wana chao, kampuni zina chao, na wakulima wana chao ambacho hakina kitu. Kila chungu kina meneja, gari, na fomu zake. Mfano mkubwa ni Marekani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali iliweka kikomo cha mishahara; waajiri wakashindwa kuvutia wafanyakazi kwa pesa, wakawavutia kwa bima ya afya, ambayo haikuhesabiwa kuwa mshahara. Kodi nayo ikaisamehe. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba afya ya taifa ifungwe kwenye ajira. Ilitokea tu, ikaota mizizi. Leo nchi ile inatumia zaidi ya asilimia 17 ya pato la taifa kwenye afya, kiasi ambacho hakuna taifa jingine kubwa linalokikaribia, na bado ina zaidi ya watu milioni 20 wasio na bima yoyote. Mtu akiachishwa kazi anapoteza mshahara na daktari siku moja. Taiwan ilikuwa na mifuko mbalimbali pia. Mwaka 1995 iliikusanya kuwa mmoja wa kitaifa, na haikuchukua muda mrefu karibu kila mtu akawa ndani.

Sasa nitoboe na upande wangu, msije mkasema keshia anahesabu noti za wenzake tu.

Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Watu walikuja kwa wingi, hasa maskini, yaani ile safu iliyokosekana kwenye taarifa yangu ilijitokeza mlangoni. Lakini mara nyingi dawa ziliisha, na aliyepimwa bila kulipa akaandikiwa dawa akanunue nje. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikuta kwamba gharama za kuangamiza familia hazikupungua kwa walio maskini zaidi. Dirisha lilikuwa limehama tu, kutoka hospitali hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kufuta ada bila kujaza pengo la pesa ni kumhamisha keshia. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja, Aprili 2001, kwamba asilimia 15 ya bajeti za serikali iende kwenye afya. Nchi nyingi hazikuwahi kufika. Nikiombwa kura kwa ahadi ya matibabu bila malipo, swali langu la kwanza ni bajeti ya dawa.

Hata Waingereza pesa iliwabana. Mwaka 1951, mpango haujatimiza hata miaka mitatu, serikali iliamua kutoza ada kwenye miwani na meno ya bandia. Bevan akajiuzulu uwaziri. Watu hucheka, waziri mzima ajiuzulu kwa sababu ya meno! Mimi sicheki. Alijua dirisha linavyoanza: tundu dogo.

Na foleni, msemaji amezitaja, ni za kweli. Uingereza watu husubiri upasuaji wa nyonga miezi na miezi. Ila ugawaji upo kila mahali, tofauti ni nani anaufanya na kwa kigezo gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo zilikuwa chache mno. Ikaundwa kamati ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mwenye benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mpasuaji. Kazi yao ilikuwa kuchagua nani awekwe kwenye mashine. Walitazama ndoa, idadi ya watoto, kazi, elimu, mwenendo wa kanisani. Habari zilipochapishwa, nchi ilishtuka, na mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha kwamba karibu kila mgonjwa wa figo zilizokufa alipiwe na bima ya serikali iitwayo Medicare. Msemaji angeniuliza: kwani ni bora kamati? Hapana, ile kamati ilikuwa ya kutisha. Lakini angalau walikaa kikao, wakaandika muhtasari, na mwandishi wa habari akaweza kuwauliza maswali. Pale kwangu kazi hiyohiyo ilifanywa na orodha ya bei, kimya kimya, mchana kutwa, na hakuna mwandishi aliyekuja.

Nimesema nitarudi kwa daktari anavyolipwa, na muda umenibana. Kwa kifupi: ukimlipa kwa kila kipimo, vipimo vitaongezeka. Ukimlipa kwa kichwa, kiasi fulani kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, atapenda watu wenye afya wasiomsumbua. Ukimlipa mshahara tu, saa nane mchana hayupo. Thailand ilichanganya: kwa kichwa kwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na kwa aina ya ugonjwa kwa waliolazwa, ndani ya bajeti yenye kikomo. Hakuna njia isiyo na tundu, na anayewaambia ameipata anauza kitu. Lakini chungu kikiwa kimoja, mwenye chungu ana sauti ya kumwambia muuza dawa "bei hii hapana". Yule mama wa vipimo vitatu hakuwa na sauti hiyo. Alikuwa ameinama.

Mwisho msemaji aliwageukia akauliza: nani atalipa? Akanyamaza, mkapiga makofi. Swali zuri, nalijibu. Mimi nitalipa. Na yeye, na mwenye kipato kikubwa kutuzidi atalipa zaidi yetu. Niliacha kazi ya dirishani, nina biashara ndogo, kodi nalipa, michango nalipa, na mwaka wa saba huu sijalazwa wala kuchomwa sindano. Kwa hesabu za msemaji nimeliwa: pesa yangu yote ya miaka saba imekwenda kwenye figo za watu nisiowajua hata majina.

Kengele nimeisikia, mwenyekiti. Nakaa.